Papa Nusu na Simu Isiyozimwa

Hakuna mtu aliyetukanwa Rubaya kama Papa Théophile, na kosa lake lilikuwa lilelile kila siku: alikataa kujaza simu za watu.

Nyumba yake ya chaji ilitazamana na kibaraza changu, nilipokuwa nauza chai na maandazi, kwa hiyo matusi yote niliyasikia bure. Mchimbaji anaacha simu asubuhi kabla ya kupanda mlimani, anarudi na tope hadi kwenye nyusi, anawasha kioo na kukuta kimeandika themanini. Hapo kelele zinaanza.

"Papa, nilikuambia ujaze mpaka mwisho!"

"Hapa hatujazaka mpaka mwisho. Betri iko kama tumbo. Ukishiba mpaka ku shingo kila siku, kisha ukalala njaa mpaka uzimie, utafikisha miaka ngapi?"

Waliondoka wakimwita Papa Nusu, na jina likamganda. Alikuwa mtu wa Butembo, Mkatoliki, mrefu na mkavu, na sweta yake ya kijivu, trikot kama tunavyoiita, hakuivua jua wala mvua. Alifika kwetu na lori la kubeba maharage. Wenye silaha walilichoma barabarani, ila yeye alikuwa amewahi kufungua betri zake na kuzificha mtaroni. Mwingine angelia kwanza. Théophile alificha betri, kisha akalia. Betri hizo, pamoja na sahani za jua alizofunga juu ya paa, ndizo zilizompa kazi mpya.

Nami nilimcheka kama wengine, mpaka nilipoona simu yangu inamaliza siku nzima na chaji, wakati za wenzangu, zilizolala zimechomekwa chini ya mto hadi asubuhi, zinakata roho kabla ya adhuhuri. Hakuwa na sheria nyingi. Simu isifike sifuri, wala isishibe; ipewe kidogo kidogo. Juu ya yote isipashwe joto. Hakuweka simu chini ya bati lenye jua, alivua makava yote, akazipanga juu ya ubao wazi hewa ipite. Na kama mwenye simu anakwenda mbali kwa muda mrefu, unaiacha nusu, unaizima, unaiweka mahali pa baridi.

Kwa ajili ya hao wa mbali alikuwa na kabati nyuma ya duka. Ndani mlikuwa na simu za watu walioenda Goma wakakawia, za walioenda kuchimba kwingine, na za wale waliobebeshwa mizigo na wenye silaha wakaingia nayo msituni. Zote nusu, zote zimezimwa. Sikulipenda kabati lile hata kidogo. Mara kwa mara, baada ya misa, alizitoa akaziwasha moja moja aone kama zimeshuka, na ujumbe wa wiki nyingi uliingia kwa pamoja, tring, tring, tring, kutoka kwa wake na mama waliokuwa bado wanauliza uko wapi. Yeye hakusoma. Aliongeza chaji kidogo, akazizima tena, akafunga mlango wa kabati polepole kama wa chumba cha mgonjwa.

Kisha ikaja ya Lévi.

Lévi alitoka Buleusa, upande wa Walikale, mtoto wa pekee kwa mama yake. Alichimba na ekipe ya mchana, zamu inayopanda baada ya adhuhuri, na kwa kuwa alipenda usingizi kuliko chakula, alijirekodia sauti yake mwenyewe kwenye simu imwamshe kila siku saa sita mchana: "Lévi! Lévi, amuka! Mulima iko inakungojea!" Alitusikilizisha hapo kibarazani kwangu, tukacheka hadi chai ikamwagika. Siku moja mwenzake wa asubuhi aliugua, Lévi akaenda badala yake. Aliacha simu kwa Théophile, akapanda.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya adhuhuri mlima ulishuka. Hakukuwa na mshindo kama watu wanavyopenda kusimulia. Kulikuwa na sauti ya gunia zito likiburutwa, kisha kimya, kisha vilio vya wanawake. Tulikimbia huko na kurudi, maana ukungu ulikuwa mzito na hakuna aliyeona pa kuchimba. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Théophile wakati simu moja ubaoni ilipowaka.

"Lévi! Lévi, amuka! Mulima iko inakungojea!"

Ilikuwa sauti safi, yenye kicheko mwishoni. Ikanyamaza kidogo, ikaita tena. Théophile, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa bunduki, alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani.

Wengine walitolewa udongoni. Lévi hakupatikana.

Kwa sheria yake, Théophile alipaswa kuizima simu ile na kuifungia kabatini na zile nyingine. Alijaribu. Aliniambia kwamba kesho yake aliishika, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe, nayo ikaita mkononi mwake. Akafanya ishara ya msalaba, akairudisha ubaoni ikiwa inawaka, na tangu hapo akaitunza bila kuizima.

Mama yake Lévi alifika baadaye, sehemu kubwa ya njia akiwa ameikata kwa miguu. Aliitwa Agathe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima. Théophile alimpa simu, ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye chaji, naye akaiweka shavuni.

"Iko na joto," alisema. "Mutoto wangu iko na joto."

Saa sita ilimkuta ameishika vile. Sitasimulia uso wake. Nitasema tu kwamba mtoto alipoita, mama alimjibu.

Agathe alikuwa mtu wa kanisa kila Jumapili, lakini ukoo wake wa msituni ulikuwa bado na mambo yake. Kwao mtu akifa huwashwa moto penye kilio, na moto huo hauzimwi, mvua inyeshe isinyeshe, hadi marehemu azikwe. Ukizimika kabla, anapotea njia. Siku ya kaburi mama huuzima kwa mkono wake mwenyewe, na wanawake wote hulia kwa sauti moja, mara ya mwisho. Na haugawanywi: hakuna anayeruhusiwa kuchukua kaa la moto wa kilio akapikie kwake.

"Lakini Lévi iko mu udongo, mama," Théophile alimwambia kwa upole.

"Mulima haikumuzika, Papa. Ilimumeza." Akainyanyua simu. "Moto yake njo hii."

Ndipo Théophile akatueleza jambo ambalo afadhali lisingekuwa kweli. Simu ile ilikuwa imefungwa kwa kode, zile namba za siri, na kode Lévi alikwenda nayo. Ikizimika hata mara moja, itawaka tena, lakini haitasema kwa sauti ya Lévi hadi kode iandikwe. Italia mlio wa kiwandani kama simu zote. Alikuwa ameyaona hayo kwa mwimbaji mmoja wa kwaya: simu yake ilizimika, wimbo wake wa kuamka ukapotea, ukarudi tu alipoandika namba zake.

Mimi nilisema jambo rahisi, tuirekodi sauti kwa simu nyingine. Agathe alinitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya chungu chake. Moto wa kilio haugawanywi. Nilimwambia ni kichwa ngumu, akakubali kwamba ni kichwa ngumu, na mambo yakaishia hapo.

Alipanga chumba nyuma ya kibaraza changu. Théophile akamwazima sahani ndogo ya jua na betri yake, ili simu isikose chaji. Kosa likaanzia hapo, kwa sababu Agathe aliitunza simu kama anavyojua kutunza moto: alizidisha kuni. Hakuichomoa kamwe. Ilikaa mia kwa mia, asubuhi hadi asubuhi, imefungwa kwa kitenge, juu yake blanketi, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, maana Rubaya kuna baridi na Lévi hakuipenda baridi.

"Mama, unamuua," Théophile alimwambia kila alipopita.

"Ninamulisha."

Miezi ilipita. Simu ikaanza kuwa na moto wa kiazi kilichotoka majivuni. Ikichomolewa kidogo tu iangaliwe, ilianguka kutoka mia hadi arobaini kabla hata sufuria ya sombe, majani ya muhogo, haijaiva. Adhuhuri moja niliingia chumbani mle kuazima kijiko. Dirisha lilikuwa limefungwa. Niliona mwanga unapenya kwenye mikunjo ya kitenge, na kitenge chenyewe kimeinuka katikati. Agathe alikifungua anionyeshe. Mgongo wa simu ulikuwa umevimba, kioo kimeachana na fremu upande mmoja, na mwanga ulikuwa unatokea kwenye ule ufa.

"Angalia, Mama Fifi," alisema. "Iko na mimba."

Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu liliniogopesha kuliko sauti ya marehemu, nikatoka mbio kumwita Théophile.

Théophile aliingia bila hodi, akaichomoa. Agathe alimkamata mkono.

"Sikia," alisema Théophile. "Betri inavimba sababu ya joto na ya kushiba. Siku moya itapasuka ao itazimika yenyewe. Na siwezi kuibadilisha, sababu kuitoa betri njo kuizima. Unataka moto yake idumu? Basi uipe kidogo."

"Moto ya kidogo inakufaka."

"Ile ya kuni, ndiyo. Hii inakufaka na shibe."

Walikuwa bado wanavutana saa sita ilipofika. "Lévi!" sauti ikaanza, na kioo kikafifia. "Lévi, amu..." Mwanga ukapotea kabisa kwa kitambo cha kushusha pumzi, kisha ukarudi, dhaifu. Agathe alimwachia Théophile mkono. Nilimsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi unifundishe."

Tangu siku hiyo simu ile ilikaa ndani ya chungu cha udongo, juu ya mchanga mkavu, pembeni mbali na makaa. Ikifika sabini inachomolewa. Ikishuka arobaini inachomekwa. Théophile hakumwamini mtu. Alikuja mwenyewe asubuhi, mchana na jioni, akaipapasa mgongo kama nesi anayepima homa, akamgombeza Agathe, Agathe akamgombeza yeye, na majirani wakaanza kuwauliza harusi lini. Uvimbe wa betri hauponi, alituambia, lakini unaweza kusimama. Ukasimama. Chaji ikaacha kuanguka ovyo. Yule mtu tuliyemtukana kwa nusu zake alikuwa anamweka kijana wa watu hai kwa nusu zilezile.

Nasema hai, na sijui niseme vipi vingine. Kutoka ndani ya chungu sauti ilitoka nzito, ya mbali, kama mtu anayesemea chini ya ardhi. Saa sita soko zima lilikuwa linasikia. Mwenye kupima maharage alishikilia kopo hewani. Sauti iliita, ikanyamaza, na katika kile kimya kabla haijaita tena, sote tulikaza masikio kana kwamba kuna atakayeitika mlimani. Kisha Agathe anasema, "Niko, mwanangu," Théophile anaizima kengele kwa kidole, na soko linaendelea. Watu waliozoea hawakugeuka tena. Wageni walihama meza.

Vita vikaturudia. Siku nyingi milio ilikuwa ng'ambo ya milima, na tulijidanganya kwamba itabaki huko. Asubuhi moja ikawa kwenye malisho juu yetu. Nilimfunga mwanangu Fifi mgongoni, nikaacha chai inachemka. Agathe alitoka na chungu kichwani. Alipojikwaa kwenye mteremko kikavunjika, akaitoa simu mchangani akaitia kifuani. Théophile aliacha duka, sahani za jua na zile betri za lori zilizomwokoa zamani. Alichobeba ni mfuko wenye simu za kabatini.

Tulikuwa kundi la majirani tukikata njia za milimani kuelekea Sake. Ukungu ulikuwa mzito hadi unamjua mwenzako kwa kikohozi. Tuliposhuka penye migomba, mbele yetu zikasikika buti na sauti za wanaume, na nyuma yetu pia. Tukajitupa chini ya migomba, majani makavu juu yetu. Théophile alipita akitambaa, akazima simu ya kila mtu. Alipofika kwa Agathe alisita.

Walikuwa wanapita njiani karibu nasi sana. Tuliweza kunusa sigara yao. Njia ilikuwa nyembamba, walikwenda mmoja mmoja bila haraka, na mstari wao haukuisha. Agathe alitoa simu kifuani, akaifunika kwa kiganja, akaangalia saa. Kisha akamwonyesha Théophile. Nami niliona.

Ilikaribia saa sita.

Sauti ile Lévi aliirekodi kwa kupiga kelele, imtoe mtu usingizini. Ndani ya chungu ilifika hadi sokoni. Kengele hatukuweza kuiondoa wala kuipunguza sauti bila kode, na vitenge vyetu vyote visingeimeza. Kulikuwa na njia moja tu, na kila aliyelala pale aliijua, maana tulikuwa tumeishi miezi na miezi tukiizuia isitokee. Théophile hakunyoosha mkono. Alimtazama tu, midomo inamcheza, machozi yanamwagika juu ya ile trikot. Nilitaka kuinyakua mwenyewe. Naapa nilitaka, kwa sababu pumzi ya Fifi ilikuwa shingoni mwangu, lakini mkono wangu ulikataa.

Agathe alimwangalia Fifi. Akaiweka simu shavuni, kidogo tu. Kisha akanong'ona, na hakuna aliyemsikia ila mimi na Théophile: "Lévi wa Agathe, njia yako ni hii." Yalikuwa maneno ya kwao, ya kuzimia moto. Akabonyeza kitufe, akakishikilia, na mwanga ukafa kati ya vidole vyake.

Kwao moto ukizimwa wanawake wote hulia kwa sauti moja. Sisi hatukuweza hata kukohoa. Agathe aliuma kitenge chake, nami nikauma changu.

Nitakalosema sasa, niamini au usiniamini. Simu ilikuwa imekufa mkononi mwake, kioo cheusi. Hakuna sauti iliyotoka. Lakini kulifika wakati, nadhani ndiyo saa sita yenyewe, ambapo sote tuliolala pale tuliinua vichwa kwa pamoja, mzee na mtoto, na Fifi akaacha kunyonya kidole akageukia mlimani. Na kule njiani mtu mmoja wa wale wenye silaha alisimama. Alikuwa bado kijana. Aligeuka nyuma, akautazama ukungu tulikotoka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mwenzake akamsukuma, akaendelea. Ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Tulifika karibu na Mubambiro, jirani na Sake, jua likiwa linazama, tukaoneshwa pa kukaa, nyuma ya kambi ya askari, juu ya mawe meusi ya volkano yanayokata miguu. Hapo ndipo wanawake wa Rubaya tulipolia. Wageni wa mahema ya jirani walikuja kuuliza nani amekufa, tukawaambia ni Lévi, amezikwa leo.

Siku chache baadaye Agathe alimpelekea Théophile simu. Aliiwasha. Kioo kikawaka vizuri, chaji karibu sitini; betri ile ilikuwa bado na maisha marefu.

"Inaomba nini?" Agathe aliuliza.

"Inaomba mwenyewe."

Saa sita ililia ule mlio wa simu zote, na Agathe hakugeuza kichwa. Théophile aliiacha iwake hadi iliposhuka nusu. Hapo akaizima, akaipangusa kwa pindo la trikot, akataka kumrudishia.

"Kwa nini nusu tena?" Agathe alimwuliza. "Ule mutoto hatarudia."

"Mama, miye sina sheria ingine ya muntu mwenye alienda mbali."

Agathe aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka shavuni kama siku ile ya kwanza. Akakaa nayo kidogo.

"Imepoa," alisema. "Sasa mumuache alale."